Mdomo wa Tarumbeta

Igogo, Mwanza
4 Oktoba 1998

Mwanangu Jovinary,

Pokea salamu zetu huko Minnesota. Sisi wazima. Mdogo wako Kemilembe anajiandaa na mtihani wa kidato cha pili, na siku hizi nikimtuma maji ananijibu kwa Kiingereza. Magugu yamerudi ziwani upande wetu, wenye mitumbwi wanahangaika. Mimi cherehani yangu bado inazunguka. Tangu kiwanda cha Nyakato kilipouzwa tukarudishwa nyumbani, nashona sare za shule hapa barazani, na kazi haikosekani ingawa magauni yote yamechukuliwa na mitumba.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ni tarumbeta la baba yako mdogo.

Unajua desturi ya bendi ya usharika wetu. Mpigaji akifa, chombo chake kinalala nyumbani kwake mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kama yupo mtu wa nyumba ile anayeweza kukipiga, kinabaki hapo. Kama hayupo, kinachukuliwa na kupewa mwingine. Baba yako mdogo Ishengoma alitutoka Wiki Takatifu ya mwaka huu, kwa hiyo siku yetu itakuwa alfajiri ya Pasaka ijayo, bendi itakapopiga makaburini.

Shida ni mdomo wa tarumbeta, kile kikombe kidogo cha shaba anachowekea mtu midomo yake. Siku ya mazishi Ndalahwa, kiongozi wa bendi, alimtilia Ishengoma mdomo huo mfukoni mwa koti kabla ya kufunga jeneza. Alifanya kwa heshima, na sote tuliona amefanya vizuri, tukalia zaidi. Matanga yamekwisha, kaburi limeshasakafiwa, Ndalahwa akaja mbio hapa nyumbani bila hata hodi. "Mama Kemilembe, tumezika mdomo!" Nilicheka, Jovinary. Lile tarumbeta ni la tangu enzi za wamisionari, na midomo ya wenzake haiingii. Fundi mmoja wa kukereza vyuma Nyakato alijaribu kunitengenezea mwingine. Ukatoa sauti ya ng'ombe mwenye kikohozi.

Nimebana karatasi kwenye tundu la bomba nikachora duara lake. Nakutumia. Huko kuna kila kitu, labda na hicho kipo.

Ni mimi mama yako mdogo,
Justa


Minnesota
1 Novemba 1998

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ndani ya basi nikacheka peke yangu, mama mmoja akahama kiti. Mimi mzima. Theluji imeshaanguka mara moja. Nimenunua koti la mtumba, kwa hiyo usidhani mitumba inaishia Mwanza.

Nimeupata! Nilizunguka maduka ya vyombo vya muziki na karatasi yako mkononi, wote wakaniambia kitu cha zamani namna hiyo nitafute mnadani. Mnada wenyewe si wa kwenda kwa miguu, Mama Mdogo. Uko ndani ya kompyuta. Mwenye kitu anakipiga picha, anakiweka humo, watu wa nchi nzima wanapandisha bei kila mtu akiwa kwake, na siku ikifika aliyetaja bei ya juu ndiye mshindi. Mimi nilishindana na mtu nisiyemjua wala kumwona. Nilikesha kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kama mlinzi, nikamshinda.

Muuzaji ni bwana mmoja wa jimbo la jirani anayeitwa Harold. Malipo nimeshampelekea. Yeye atanitumia kwa posta, nami nitakutumia.

Ila hukuniambia nani atapiga. Ni Kemilembe?

Mwanao,
Jovinary


Igogo, Mwanza
29 Novemba 1998

Mwanangu Jovinary,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, tumeamka salama. Senene wamekuja kwa meli kutoka Bukoba, nimekukaangia wa kwako na kuwafungia kwenye kopo la Kimbo. Wakikaa mpaka urudi, vizuri. Kemilembe anasema hawatakaa, na namwona jinsi anavyolitazama kopo.

Habari ya mnada wako nimeisoma mbele ya Kija, jirani yetu anayepeleka ng'ombe minadani. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Amelipa?" akauliza.

"Amelipa."

"Na kitu kiko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Aliyekiuza ndiye bado anacho?" Akavua kofia. "Mama Kemilembe, mimi nikilipa ng'ombe naondoka na kamba mkononi. Huyo mtoto wako kanunua picha."

Nimemwambia wasomi wana namna yao. Usinitie aibu kwa Kija.

Kuhusu mpigaji, usiwe na wasiwasi, mpigaji yupo na ameanza mazoezi. Ndalahwa ametupatia kipande cha mpira wa kumwagilia maji, tumechomeka faneli ya mafuta ya taa upande mmoja. Ukibana midomo na kupuliza kwenye mpira kama unayefukuza nzi, sauti inatoka. Siku za kwanza ilitoka sauti ambayo sitaiandika hapa. Sasa inaanza kufanana na kitu. Midomo inawasha kama mtu aliyekula pilipili kichaa.

Jana nilikuta leso ya baba yako mdogo kwenye sanduku la tarumbeta, ile ya mistari ya bluu, bado imekunjwa pembe nne. Alikuwa hapigi mpaka aifute shaba hata kama ni safi. Nimeikunja tena nikairudisha.

Justa


Minnesota
20 Desemba 1998

Mama Mdogo,

Shikamoo, na heri ya Krismasi kwenu nyote. Naandika kwa haraka, nina mtihani. Mdomo uko njiani. Hapa wakati wa Krismasi posta inalemewa, ndiyo sababu. Mwambie Kija kamba ninayo mkononi, ni ndefu tu kidogo.

Mpe hongera Kemilembe kwa mazoezi.

Jovinary


Igogo, Mwanza
17 Januari 1999

Mwanangu Jovinary,

Marahaba. Kemilembe amefaulu mtihani, yuko kidato cha tatu. Anakusalimu na anaomba msamaha wa senene. Mvua zimekuwa chache. Mwezi huu sare zimenilemea, watoto wa Igogo wote wamerefuka kwa pamoja, na Krismasi sikuweza kula vizuri kwa ajili ya midomo. Nataka kusema, kwa ajili ya kazi nyingi.

Nimesoma barua yako fupi mara nyingi kuliko zile ndefu. Nimekulea miaka uliyosoma hapa Mwanza, Jovinary. Ulikuwa ukivunja sahani unakuja jikoni kuniuliza kama nimechoka. Niambie, huyo bwana ameutuma au hajautuma?

Kama hajautuma sikasiriki. Mimi ni fundi cherehani. Nani anajua kuchelewesha kitu cha mtu kuliko mimi? Hapa sasa hivi nina suruali ya mwalimu tangu kabla ya Krismasi. Kila akipita ananiuliza kwa ukali, "Mama, suruali yangu vipi?" nami namjibu, "Kesho, Mwalimu," halafu naisogeza chini ya nyingine. Lakini kuna mama Odeta wa kule mlimani. Yeye haulizi. Anakuja, anakaa kwenye benchi langu, ananisalimu, ananieleza mjukuu wake ameota meno. Nguo yake haitaji kabisa. Anakaa mpaka naona aibu, natoa kitambaa chake chini kabisa, nashona, namaliza, anaondoka. Hajawahi kurudi kwake bila nguo yake.

Sasa wewe umemwandikiaje huyo Harold? Ulimsalimu?

Na jambo moja zaidi. Mzee Shimba, mpiga ngoma kubwa wa bendi, amekwisha kuuliza mbele ya watu tarumbeta litahama lini. Amepata kijana wa Buswelu mwenye mapafu mazuri. Si mtu mbaya Shimba, anashika desturi tu. Lakini ukutani pale lilipotundikwa nimeshazoea kupaangalia kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Sijui nitaangalia wapi.

Justa


Minnesota
7 Februari 1999

Mama Mdogo,

Shikamoo. Umenikamata. Hajautuma. Niliposema uko njiani nilikuwa natumaini utakuwa njiani kabla barua haijakufikia. Nisamehe.

Nimemwandikia kwenye kompyuta mara nyingi. Hapana, sikumsalimu. Hapa watu wanaanza na shida moja kwa moja, nami nimejifunza haraka. Barua zangu zote zilikuwa, "Kitu changu kiko wapi?" Alijibu mbili za kwanza kwamba ni wiki hii, kisha akanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kumwandikia maneno mabaya pale mnadani, maana wanunuzi wana ukurasa wa kumsifu muuzaji au kumchafua mbele ya wote.

Baada ya barua yako nikamsalimu. Nikamuuliza hali yake, baridi ikoje kwao, mifugo haijambo. Nikamweleza habari zako na za kaburi. Mama Mdogo, alijibu siku ileile! Barua ndefu kuliko ya mchungaji. Ana ng'ombe wa maziwa. Mbwa wake kazeeka haoni. Mke wake anamkataza kuuza vitu mnadani kwa sababu ghala lao limejaa makorokoro ya marehemu baba yake, naye anauza kitu kwanza ndipo anakitafuta. Mdomo wetu aliupiga picha, akauweka mahali, na mahali penyewe hapajui.

Mwishoni akaandika, "Msalimie sana mama yako." Kuhusu kuutuma, hata neno moja.

Sasa nifanyeje? Pasaka ni tarehe nne Aprili.

Jovinary


Igogo, Mwanza
25 Februari 1999

Mwanangu Jovinary,

Marahaba, na salamu zake nimezipokea. Barua yako safari hii imekimbia. Sote hatujambo, kuku mmoja tu ametutoka.

Usimchafue yule bwana. Mtu anayeuza kitu kabla hajakitafuta ni mtu wa matumaini, na anaweza kusaidiwa. Lakini salamu za kwenye kompyuta ni nusu ya kazi. Mama Odeta hanitumii salamu, anakuja. Je, kwake kuna basi? Kama lipo, panda. Usiende mikono mitupu. Ukifika, kaa. Usiutaje mdomo. Sifia ng'ombe. Mbwa naye mpe mkono anuse, hata kama haoni atajua. Yeye mwenyewe atasimama na kusema twende ghalani.

Kija anasema huu ndio mnada anaouelewa.

Mpigaji ameendelea sana. Ndalahwa anakuja Jumatano jioni kusikiliza, anakaa mgongo wake ukielekea mlangoni ili wapita njia wasione, kwa sababu tumekubaliana iwe siri. Kemilembe, kwa kuwa unamuulizia, hajambo. Anaziba masikio kwa pamba.

Baba yako mdogo alikuwa akinywa chai anapuliza kikombe kwa shavu moja tu, la kushoto. Nilidhani ni tabia yake. Kumbe ni kazi. Siku hizi nimeona inavyotokea.

Justa


Minnesota
14 Machi 1999

Mama Mdogo,

Shikamoo! Shikamoo tena!

Nimekwenda. Saa nyingi kwenye basi, halafu lifti ya lori la maziwa. Nilichukua kahawa ya kwetu Bukoba ile uliyonipa nikiondoka, nilikuwa naitunza. Harold alifungua mlango akiwa na soksi moja, akanitazama kama nimeshuka kutoka kwenye picha. Nikasema, "Nimekuja kukusalimu." Akasema, "Kutoka Afrika?" Nikasema, "Kutoka chuoni, lakini tuseme hivyo."

Nilikaa. Nilisifu ng'ombe, na sikulazimika kudanganya, ng'ombe mmoja pale ni sawa na watatu wa Kija. Mke wake akachemsha kahawa. Nikanywa kikombe, kikaja cha pili. Sikuutaja mdomo, Mama Mdogo, ingawa ulimi uliniwasha. Harold akaanza kuangalia dirishani. Akajikuna shingo. Akaangalia tena. Mke wake akamwambia, "Harold, huyu mtoto ni mpole mno, mimi siwezi kuvumilia. Nenda ghalani." Tukaenda wote, na mbwa.

Tulitoa viti, matandiko ya farasi, magurudumu, sanduku la barafu. Mke wake ndiye aliyeuona, ndani ya soksi ya pili ya Harold. Alikuwa ameuhifadhi humo usikwaruzwe, kisha akawa anaitafuta soksi tangu Novemba.

Karatasi yako inalingana nao sawasawa. Nimeutuma jana kwa posta ya haraka, ndani ya soksi hiyohiyo, Harold hataki kurudishiwa. Wameniapia utafika kabla ya Pasaka.

Sasa sema. Siri ni ya nini? Kemilembe ameniandikia kwamba hajawahi kugusa ule mpira wa maji, na kwamba pamba zimeisha dukani.

Jovinary


Igogo, Mwanza
11 Aprili 1999

Mwanangu mpendwa Jovinary,

Marahaba, na marahaba tena. Kristo amefufuka. Sisi wazima wote, na leo nina mengi, vumilia mwandiko.

Kadi ya posta ya kuitwa kuchukua kifurushi ilinifikia Alhamisi Kuu jioni. Nilitoka mbio, uzi bado shingoni. Nikakuta mlinzi anavuta geti. "Mama, mpaka Jumanne." Nikamweleza Pasaka, kaburi, bendi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana, mpaka Jumanne.

Alfajiri ya Pasaka nikaenda makaburini na tarumbeta lisilo na mdomo, kadi ya posta, na mpira wa maji chini ya khanga. Bendi ilipiga, mchungaji akaomba. Kisha Mzee Shimba akasimama mbele ya kaburi, akakohoa.

"Mwaka umeisha. Nani wa nyumba hii atapiga?"

Nikasema, "Mimi."

Hapo ndipo umejua, mwanangu, kama hukuwa umeshajua. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utanicheka, au utanihurumia, na hilo la pili ni baya zaidi. Katika bendi yetu hajawahi kusimama mwanamke. Nilianza kupuliza ule mpira usiku mmoja tu wa upweke, nikaona kifua kimepata nafasi. Nikaendelea.

Shimba akauliza, "Mdomo uko wapi?"

Nikaonyesha kadi. "Uko posta. Posta imefungwa."

"Mama Kemilembe, kadi haipigwi." Watu wakacheka, hata mimi.

Nikatoa mpira na faneli. Wakacheka zaidi. Kija alikuwa nyuma kabisa, ameshika tumbo. Nikabana midomo nikapuliza wimbo wa ufufuko, zile sauti zinazopatikana kwenye mpira, na zisizopatikana nikaziruka. Ndalahwa akanidaka katikati na chombo chake, akajaza pale nilipoacha mapengo. Vicheko vikaisha. Nilipomaliza, Shimba alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Pumzi anayo," akasema. "Lakini desturi inasema chombo chenyewe. Mpaka Jumanne. Na nitakuwepo."

Jumanne alikuwepo. Ilikuwepo bendi yote. Waliingia posta nyuma yangu kama wanakwenda kupokea askofu. Karani akanipa kifurushi huku akiwatazama, nikatoa soksi ile ya sufu, na kutoka kwenye soksi ukatoka mdomo wetu, baridi kama jiwe la ziwani. Tukatoka uani. Nikaupasha moto kiganjani kwanza. Nikaupachika. Ukaingia, ukakaa.

Sauti ya kwanza ilikuwa mbaya. Karani akatoa kichwa dirishani, "Mama, hapa ni posta!" Ya pili ilitoka kubwa, ya duara, hata mimi nikashtuka nikageuka kuangalia nani anapiga. Nikapiga ubeti mzima. Nikakosea mahali pamoja, nikarudia. Mwenye baiskeli akasimama, mama wa karanga akaweka beseni chini. Mtu mmoja aliyetoka kwenye foleni akamwambia Shimba, "Mzee, huyu mama mnamtoa wapi?"

Shimba akajibu, "Ni wa kwetu."

Kwa hiyo tarumbeta limerudi ukutani, lakini halitulii tena pale, nalishusha kila jioni. Mwambie Harold ahsante. Angeutuma Novemba, nisingepuliza ule mpira ulionipa pumzi, ningekuwa bado natoa zile sauti nisizoweza kuandika, na tarumbeta leo lingekuwa Buswelu. Ule ukurasa wa mnadani mwandikie sifa, na ziwe za kweli: kwamba ni mtu mwema na aangalie soksi zake.

Jumamosi tunapiga harusi kule Bujora. Suruali ya bendi nimeikataa, nimejishonea sketi ya kitambaa kilekile, na mstari wa dhahabu pembeni. Shimba ameizunguka mara mbili. Akasema itaharibu mstari wetu tukiandamana. Nimemwambia mstari utazoea.

Mama yako mdogo,
Justa